Wizi wa magari Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanda na kushuka kwa viwango

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wenzetu tunaoishi na kuendesha magari Marekani, pamoja na jamaa waliobaki nyumbani wanaosoma vichwa vya habari na kuingiwa na hofu. Maswali yenyewe ni yale ninayoulizwa kwenye harusi, baada ya ibada, na usiku wa manane kwenye magrupu ya WhatsApp pale mtu anapotuma picha ya sehemu tupu alipokuwa ameegesha gari lake.

Wizi wa magari unaongezeka au unapungua?

Unapungua, na kwa kasi. Kwa hesabu za NICB, taasisi ya kampuni za bima inayofuatilia wizi na ulaghai wa magari, mwaka 2023 yaliibwa magari 1,020,729 nchi nzima. Mwaka 2024 yakawa 850,708. Ni upungufu wa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka mmoja, na taasisi hiyo ilisema haijawahi kushuhudia mwaka mmoja wa kushuka kiasi hicho katika miaka 40. Nusu ya kwanza ya 2025 hali iliendelea hivyohivyo: ulipungua tena kwa asilimia 23 ukilinganisha na nusu ya kwanza ya 2024.

Lakini mwaka mmoja au miwili haikupi picha. Chukua takwimu za FBI za muda mrefu. Mwaka 1960 kiwango kilikuwa magari 183 kwa kila watu laki moja. Mwaka 1970 kikafika karibu 457. Mwaka 1991 kikagonga kilele: 659, yaani magari takribani milioni 1.66 kwa mwaka mmoja. Kisha kikaanza kuporomoka, ingawa si kila mwaka, mpaka 2014 kilipofika karibu 216. Mwaka 2019 kilikuwa bado 220. Mwaka 2020 kikaruka hadi 246, na kufikia 2022 na 2023, kwa hesabu za NICB, idadi ya magari yaliyoibwa ikavuka tena milioni moja kila mwaka.

Kwa hiyo anayekwambia Marekani haijawahi kuwa na wizi wa magari kama huu, mwulize alikuwa wapi mwaka 1991.

Mbona idadi na kiwango vinaeleza mambo mawili tofauti?

Kwa sababu idadi ni hesabu ya magari tu, na kiwango ni hesabu hiyo ikigawanywa kwa watu waliopo. Magari milioni moja na ushee yaliyoibwa 2023 yalitoka katika nchi yenye watu wapatao milioni 335. Gawanya, utapata kama 305 kwa kila laki moja. Hiyo haifiki hata nusu ya kiwango cha 1991, ingawa ukisikia "magari milioni moja" unadhani dunia imekwisha.

California ndiyo mfano ninaoupenda kwa jambo hili. Kila mwaka ndiyo inayoongoza kwa idadi. Mwaka 2023 ilipoteza magari zaidi ya 200,000. Ila California ina watu kama milioni 39. Ukiiweka katika kiwango inapata kama 535 kwa laki moja, na mwaka huohuo Washington, D.C. ilivuka 1,100. Magari yaliyoibwa mji mkuu hayakufika hata 10,000, lakini aliyekuwa akiegesha gari pale alikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa California.

Na hata kiwango kina mtego wake. D.C. hupokea wafanyakazi na wageni wengi mno kila siku kutoka Maryland na Virginia. Magari yao yakiibwa yanahesabiwa D.C., lakini wao wenyewe hawamo katika idadi ya wakazi inayogawanywa. Mji mmoja kuufananisha na jimbo zima lenye mashamba na misitu hakuna haki ndani yake. Soma jedwali, lakini jiulize nani amehesabiwa na nani ameachwa.

Takwimu hizi zinaaminika?

Kuliko za makosa mengine mengi ya wizi, ndiyo. Sababu ni nyepesi: bima hailipi bila taarifa ya polisi. Mtu aliyeibiwa baiskeli husema "nimemwachia Mungu" akanunua nyingine. Aliyeibiwa gari hupiga simu polisi kabla hajanywa chai. Tafiti za serikali zinazowauliza wananchi moja kwa moja zinaonyesha kuwa zaidi ya visa saba kati ya kumi vya wizi wa magari huripotiwa, huku makosa ya mali kwa ujumla yakiripotiwa kama matatu tu kati ya kumi.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, tarehe 1 Januari 2021 FBI ilihamia kabisa kwenye mfumo mpya wa kukusanya takwimu, na vikosi vikubwa vya polisi, vikiwemo vya New York na Los Angeles, havikuwa tayari. Takwimu za kitaifa za mwaka 2021 zina mashimo, na yeyote anayejenga hoja juu ya mwaka ule peke yake anajenga kwenye mchanga. Pili, ujue kinachohesabiwa. Magari, malori, mabasi na pikipiki vimo. Boti, trekta za shambani na mitambo ya ujenzi havimo. Jaribio la kuiba lililoshindikana limo. Mtoto aliyechukua gari ambalo kwa kawaida anaruhusiwa kuliendesha hahesabiwi. Na gari likinyang'anywa kwa bastola dereva akiwa ndani, hilo huingia kwenye unyang'anyi, si wizi wa magari. Mji unaweza kushangilia kushuka kwa wizi wa magari huku wakazi wake wakiogopa kusimama kwenye taa nyekundu.

Kwa nini kilele kilikuwa mwaka 1991?

Wengi hujibu kwa neno moja: dawa za kulevya. Kokeni ya mawe iliiteketeza miji mingi ya Marekani miaka ile na uhalifu wa kila aina ulikuwa juu, kwa hiyo jibu hilo si la kupuuzwa. Ila halitoshi, kwa sababu wizi wa magari ulikuwa ukipanda tangu miaka ya 1960.

Gari la wakati ule lilikuwa kitu chepesi mno kuchukua. Kilichosimama kati ya mwizi na injini kilikuwa kufuli la chuma na nyaya mbili tatu. Kuanzia 1970 magari mapya yalitakiwa yawe na kufuli la kuzuia usukani au mwendo wa gari, na hilo lilisaidia kwa kijana anayetaka kuzurura usiku mmoja tu. Mwizi mzoefu mwenye bisibisi na nguvu za mkono lilimchelewesha dakika moja. Juu yake kulikuwa na soko: gereji za kificho zinazochinja gari zima kwa usiku mmoja na kuuza milango, boneti na viti kwa bei inayozidi ya gari lenyewe.

Sheria zilikuwepo. Tangu 1919 kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la shirikisho. Mwaka 1981 namba ya chasisi ilifanywa ya tarakimu na herufi 17 kwa magari yote. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kupiga chapa namba hizo kwenye spea kubwa za magari yanayopendwa na wezi, na mwaka 1992 unyang'anyi wa gari kwa silaha ukafanywa kosa la shirikisho. Hizi zilimsumbua anayeuza gari la wizi. Yule anayeliwasha hazikumgusa.

Kilichoshusha kiwango baada ya hapo ni nini?

Ukinilazimisha kutaja kitu kimoja, nitakutajia imobilaiza.

Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, gari huuliza na chipu hujibu kwa namba ya siri. Jibu likiwa sahihi, kompyuta ya gari inaruhusu mafuta na moto kwenye plagi. Likikosekana, injini haiwaki, hata kama umechonga ufunguo unaofanana kabisa au umeng'oa swichi nzima. Nguvu za mkono hazina kazi tena.

Chevrolet Corvette ya 1986 ilitoka na aina ya awali ya kifaa hiki, na katika miaka ya 1990 kikaanza kuenea kwa magari ya kawaida. Ulaya walikwenda mbele zaidi: tangu Oktoba 1998 gari jipya la abiria haliruhusiwi kuuzwa bila hicho kifaa. Watafiti wa uchumi waliochunguza Uholanzi kati ya 1995 na 2008 waliona kuwa kwa wastani kiliushusha wizi wa magari kwa takribani asilimia 40.

Ushahidi mwingine uko kwenye orodha za magari yaliyoibwa sana Marekani. Kwa miaka mingi Honda Accord na Honda Civic za miaka ya 1990 ziliendelea kuwa juu ya orodha, hata zilipokuwa zimechakaa na kushuka thamani. Matoleo mapya ya magari hayohayo, yenye chipu kwenye ufunguo, yaliibwa kwa nadra sana. Jina ni lilelile na mitaa ni ileile. Hapo ndipo nilipoacha kusoma viwango vya wizi kama kipimo cha tabia za watu. Wezi wapo wakati wote. Kinachobadilika haraka ni urahisi wa kuondoka na gari.

Kama magari yalishakuwa magumu kuiba, kwa nini wizi ulilipuka tena 2020?

Hili ndilo swali lenye uzito, na jibu lake lina tabaka mbili.

Tabaka la kwanza ni janga la korona. Magari yalikaa yameegeshwa wiki nzima mahali pamoja bila mtu kuyaangalia. Shule zilifungwa. Viwanda vikakosa chipu za kompyuta, magari mapya yakaadimika, bei ya yaliyotumika ikapanda na spea nazo zikapanda. Gari la zamani ambalo 2018 halikuwa na maana kwa mwizi, 2021 lilikuwa fedha taslimu.

Tabaka la pili ni kosa ambalo lingeweza kuzuiwa. Hyundai na Kia ziliendelea kuuza Marekani magari mengi ya bei nafuu, ya kuwasha kwa ufunguo wa kawaida, bila imobilaiza. Taasisi ya takwimu za hasara ya kampuni za bima ilihesabu matoleo ya mwaka 2015: kwa watengenezaji wengine kifaa hicho kilikuwa cha kawaida katika asilimia 96 ya aina za magari. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26 tu.

Mwaka 2021 vijana wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, waligundua udhaifu huo. Mwaka ule mji wao ulipoteza magari zaidi ya 10,000, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia, na karibu theluthi mbili yalikuwa Hyundai na Kia. Kiangazi cha 2022 video zikasambaa TikTok, na kilichokuwa tatizo la mji mmoja kikawa mchezo wa nchi nzima. Kati ya nusu ya kwanza ya 2020 na nusu ya kwanza ya 2023, madai ya bima kwa wizi wa magari ya kampuni hizo mbili yaliongezeka zaidi ya mara saba.

Nilimsindikiza ndugu yetu mmoja, dereva wa zamu za usiku, kwenda kuchukua gari lake baada ya polisi kulikuta limetelekezwa. Kioo kidogo cha nyuma kilikuwa kimevunjwa na vipande vimetapakaa hadi kwenye kiti cha mtoto. Plastiki ya chini ya usukani ilikuwa imepasuliwa, nyaya zinaning'inia. Pale ufunguo unapoingia palikuwa na tundu tu. Aliinama, akaanza kuokota vioo kimoja kimoja kutoka kwenye kile kiti, hataki kuzungumza. Halafu yadi ikamdai pesa za bredauni na za kila siku ambayo gari lililala pale. Alikuwa ameibiwa, na bado alitakiwa alipe kabla hajapewa gari lake mwenyewe.

Ndiyo maana hunikuti nikicheka ninaposikia likiitwa "chalenji". Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho ilitaja ajali zisizopungua 14 na vifo 8 vilivyohusishwa na mchezo huo.

Hyundai na Kia walifanya nini?

Tangu Novemba 2021 magari yao mapya kwa soko la Marekani yanatoka na imobilaiza. Kwa yaliyokwisha kuuzwa, Februari 2023 walitangaza sasisho la programu bila malipo kwa magari takribani milioni 8.3: milioni 3.8 ya Hyundai na milioni 4.5 ya Kia. Sasisho hilo linadai ufunguo uwepo kweli kwenye swichi ndipo gari liwake, na linarefusha mlio wa kengele kutoka sekunde 30 hadi dakika moja. Unapewa na stika ya kubandika dirishani. Vikosi vya polisi navyo vilipewa kufuli za usukani za kugawa bure. Mei 2023 kampuni hizo zilikubali kulipa wenye magari fidia ya takribani dola milioni 200.

Je, sasisho linafanya kazi? Takwimu za bima za 2024 zinaonyesha kuwa magari yaliyosasishwa yana madai ya wizi pungufu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na yasiyosasishwa. Hiyo ni sehemu kubwa ya kushuka tunakokuona leo. Udhaifu ni kwamba linafungwa kwa hiari: mwenye gari lazima aende kwa wakala, tena wengi ni wanunuzi wa mkono wa tatu ambao barua za kampuni haziwafikii. Kama wewe au jirani yako mna gari la kampuni hizo la kati ya 2011 na 2021 linalowashwa kwa kuzungusha ufunguo, pigeni simu kwa wakala leo, mtaje namba ya chasisi.

Kwa nini Kanada haikupata wimbi hilo?

Kwa sababu Kanada ilifanya imobilaiza kuwa ya lazima kwa magari mapya tangu Septemba 2007. Aina zilezile za Hyundai na Kia, za miaka ileile, ziliuzwa upande wa pili wa mpaka zikiwa na kinga hiyo. Vijana wa huko waliona video zilezile na wasiweze kufanya kitu.

Marekani mpaka leo haina sheria ya shirikisho inayolazimisha kifaa hicho. Walioachwa wazi ni wanunuzi wa magari ya bei ya chini, watu ambao gari ndiyo kazi, ndiyo shule ya watoto, ndiyo hospitali. Kwangu hili ni suala la haki, na nitaendelea kulisema.

Kanada nayo haikubaki salama kwa kila kitu. Baadaye ilikumbwa na wizi wa aina nyingine, wa magari ya gharama ya kuwasha kwa kitufe, yanayopakiwa kwenye makontena na kupelekwa ng'ambo kupitia bandari ya Montreal. Februari 2024 serikali yao iliitisha mkutano wa kitaifa Ottawa kwa ajili hiyo.

Ni majimbo yapi yana hatari zaidi na yapi ni salama?

Magharibi ndiko kulikokuwa na moto kwa muda mrefu: California, Colorado, Washington (jimbo, si mji mkuu), New Mexico, Nevada, Oregon. Colorado ilishika nafasi ya juu kati ya majimbo mwaka 2022, kisha ikashuka. Upande wa salama, Maine na New Hampshire huwa mkiani karibu kila mwaka.

Usihame jimbo kwa sababu ya orodha hii. Ndani ya mji mmoja, tofauti kati ya kulaza gari gerejini na kulilaza mtaani inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya majimbo mawili.

Magari gani yanaibwa zaidi?

Mwaka 2024 Hyundai Elantra iliongoza, ikifuatiwa na Hyundai Sonata. Chevrolet Silverado 1500, Honda Accord na Kia Optima nazo zilikuwa juu. Kabla ya 2023, pikapu kubwa za Ford na Chevrolet ndizo zilizotawala. Kumbuka kuwa gari lililouzwa kwa wingi litaibwa kwa wingi.

Wizi wa masega ya ekzosi umo katika takwimu hizi?

Haumo. Masega, kile kichujio cha moshi kilichopo kwenye bomba la ekzosi, yakikatwa kosa hilo huhesabiwa kama wizi wa spea. Gari lenyewe bado unalo, ingawa ukiwasha linanguruma kama trekta.

Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 bei ya wakia moja ya rodiamu ilizidi dola 20,000, na madai ya bima ya wizi wa masega yaliyoandikishwa na NICB, ambayo 2018 yalikuwa 1,298 tu, yakafika 52,206. Toyota Prius iliteswa sana, kwa sababu injini yake hupumzika mara kwa mara na masega yake hubaki na madini mengi. Bei ya rodiamu ilipoporomoka na majimbo yakaanza kuwadai wanunuzi wa vyuma chakavu waandike jina la muuzaji, misumeno ya usiku ikapungua.

Gari likiibwa, hurudi?

Mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hesabu za NICB za 2023, zaidi ya asilimia 85 ya magari ya abiria yaliyoripotiwa kuibwa yalipatikana, na katika hayo yaliyopatikana, takribani theluthi moja yalipatikana ndani ya siku moja. Ndiyo sababu dakika za mwanzo zina thamani kubwa kuliko wiki zinazofuata.

Kupatikana kwa gari na kukamatwa kwa mwizi ni mambo mawili. Mwaka 2019 polisi walifanikiwa kufunga kesi kwa kumkamata mhusika katika asilimia 13.8 tu ya visa. Hasara ya mwaka ule ilizidi dola bilioni 6.4, wastani wa karibu dola 8,900 kwa gari.

Yasiyorudi huishia sehemu tatu: kuchinjwa kwa spea, kubadilishwa namba ya chasisi na kuuzwa tena, au kuvuka mpaka na bahari.

Nimeamka, gari halipo. Nianze na nini?

Kwanza hakikisha halijavutwa na bredauni. Miji mingi ina namba ya simu au tovuti ya kuuliza, na inachukua dakika mbili. Kama halikuvutwa, piga simu polisi papo hapo ukiwa na namba ya bati, namba ya chasisi, rangi, na alama yoyote ya pekee: mkwaruzo wa mlango wa kushoto, bendera kwenye kioo cha nyuma. Chukua namba ya taarifa. Kisha bima, siku hiyohiyo.

Ikiwa gari lina programu ya simu inayoonyesha lilipo, wape polisi mahali hapo. Usilifuate mwenyewe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu najua hasira ya kuona nukta ndogo ikitembea kwenye ramani, tena mitaa mitatu tu kutoka kwako.

Na namba ya chasisi iandike leo, mahali nje ya gari. Wengi wanayo kwenye kadi iliyo ndani ya gari lililoibwa.

Bima italipa?

Bima kubwa tu ndiyo inayolipa gari lililoibwa. Ile ya lazima ya kugharimia madhara kwa wengine haitakupa hata senti. Wenye magari ya zamani wengi wana hii ya pili, maana kubwa ni ghali. Uliza pia kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kama gharama za yadi na gari la kukodi zimo. Mwaka 2023 baadhi ya kampuni zilikataa kabisa kuandikisha wateja wapya wenye Hyundai na Kia zisizo na kinga katika miji fulani, kwa hiyo uliza kabla ya kununua gari, si baada.

Gari langu linawashwa kwa kitufe. Niko salama?

Dhidi ya vijana wa Milwaukee, ndiyo. Dhidi ya mwizi mwenye vifaa, si kabisa. Rimoti yako inatoa mawimbi hata ikiwa imening'inizwa mlangoni. Wezi wawili wanaweza kuyanasa kwa kifaa kimoja karibu na nyumba na kuyapeleka kwa kingine kando ya gari, nalo likadhani umeshika rimoti mkononi. Weka rimoti mbali na mlango wa mbele, ndani ya mfuko maalumu unaozuia mawimbi au kopo la chuma lenye mfuniko, kisha jaribu: simama kando ya gari ukiwa umelishika kopo. Mlango ukifunguka, tafuta kopo jingine.

Kufuli la usukani la chuma, lile la zamani linaloonekana kupitia kioo, bado lina maana. Linaonekana, na linamwongezea mwizi dakika ambazo hakuzipanga. Na usiache ufunguo ndani, hata ukishuka kuchukua mkate tu. Kati ya 2013 na 2015 NICB ilihesabu magari zaidi ya 147,000 yaliyoibwa yakiwa na ufunguo au rimoti ndani. Asubuhi za baridi, gari likiachwa linaunguruma kwa ajili ya kupata joto, ndiyo karamu yao.

Nataka kununua gari lililotumika kwa mtu binafsi. Nitajuaje si la wizi?

Tafuta namba ya chasisi mahali pawili: chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Lazima zifanane tarakimu kwa tarakimu, na zifanane na hati ya umiliki. Pitisha kidole juu ya ile ya kwenye dashibodi. Riveti zilizokwaruzwa, gundi, au herufi zisizokaa mstari mmoja ni sababu ya kuondoka. Kisha iingize namba hiyo kwenye huduma ya bure ya NICB inayoitwa VINCheck. Itakuonyesha kama kuna kampuni mwanachama ya bima iliyoandikisha gari hilo kuwa limeibwa na halijapatikana.

Jina kwenye hati liwe la mtu aliyesimama mbele yako, mwenye kitambulisho chake mkononi. Akikwambia hati iko kwa binamu yake jimbo jingine lakini bei atakupunguzia ukilipa taslimu leo, mshukuru, rudi nyumbani na pesa zako.